Mrushaji wa Nne: Hotuba kwa Wazazi na Vijana kuhusu Besiboli ya Vyuo Vidogo

Wazee wetu, shikamooni. Mama zetu, baba zetu, vijana, karibuni mkae.

Leo tunaanza na kijana ambaye hazungumzwi. Si lile jembe linaloanza Ijumaa, ambalo picha yake imebandikwa kwenye ukuta wa chuo. Ni mrushaji wa nne, yule anayerusha mpira wakati wale watatu wakubwa wameshatumika. Wengi wenu hapa Iowa, mliotoka Kongo, Tanzania, Kenya au Burundi, mna watoto wanaocheza besiboli shuleni, na baadhi yao wameshaanza kuandikiwa na makocha wa vyuo vidogo. Siku moja, mwezi wa tano, mtaendesha gari mwendo wa saa sita kwenda kumtazama mwanenu kwenye mashindano ya kanda, na Ijumaa nzima hamtamwona uwanjani. Mtaanza kuulizana: huyu kocha ana nini na mtoto wetu? Nataka mtoke hapa mkijua kocha ana nini.

Tuelewane kwanza tunaposema chuo kidogo. Tunazungumzia Divisheni ya Tatu ya NCAA, shirikisho la michezo ya vyuo vya Marekani. Huko hakuna udhamini wa michezo, hata senti moja. Kocha akiwaambia "msijali, tutamsaidia," muulizeni msaada unatoka fungu gani: la matokeo ya masomo au la kipato cha familia? Fungu la michezo halipo, na mzazi asaini karatasi akiwa analijua hilo. Msimu wa kawaida hauzidi mechi 40. Theluji ya huku kwetu ikichelewa kuyeyuka, timu hukimbilia Florida au Arizona mwezi wa tatu, halafu zikirudi nyumbani zinabanana mechi mbili kwa siku ili kufidia zilizoahirishwa.

Lakini udogo huo si unyonge. Marietta, chuo cha mji mdogo kando ya mto Ohio, kimebeba ubingwa wa taifa wa divisheni hii mara 6. Eastern Connecticut imebeba mara 5, na mara ya tano ilikuwa 2022, hapahapa Cedar Rapids, mji ulioandaa fainali hizo kuanzia 2019 hadi 2023, ukiutoa mwaka wa korona. Jordan Zimmermann, aliyemaliza mechi nzima ya ligi kuu mwaka 2014 bila mpigaji hata mmoja kumpata kwa pigo safi, alitoka Wisconsin-Stevens Point, chuo cha divisheni hiihii.

Njia ya kufika fainali ni hivi. Bingwa wa kila ligi ya vyuo anaingia moja kwa moja. Nafasi zilizobaki hugawiwa kwa kutazama rekodi ya timu na uzito wa wapinzani iliokutana nao. Halafu linakuja kundi la kanda, timu nne uwanja mmoja. Mshindi wa kanda anakutana na mshindi wa kanda nyingine, anayetangulia kushinda mechi mbili anasonga. Timu nane ndizo zinazobaki kwa fainali za taifa. Kikwazo kinachoua timu nyingi ni kile cha katikati, zile siku tatu za kanda, na ndicho nitakachokaa nacho.

Kwa wageni wa mchezo: mechi ina awamu 9, na kila awamu timu inayolinda lazima itoe wapigaji watatu. Tatu mara tisa, auti 27. Mrushaji anamrushia mpigaji mwenye gongo (gongo la mti au la chuma, si lile la kunywa) akiwa umbali wa mita 18 na kidogo. Mechi za mpira wa miguu mnazipima kwa dakika. Hapa hakuna dakika, kuna auti tu, na kila auti lazima itoke kwenye bega la mtu.

Paka ana roho saba. Timu ya kanda ina mbili. Ukipoteza mechi moja bado uko hai, ukipoteza ya pili unafungasha. Mwaka 2008 Trinity ya Hartford ilifika fainali ya taifa ikiwa na ushindi 44 bila kupoteza. Johns Hopkins ikaifunga. Katika mtoano wa kawaida safari ingeishia hapo. Roho ya pili ikaiokoa, ikashinda mechi ya kuamua na kumaliza 45 kwa 1.

Sasa chukueni kalamu. Timu nne zenye roho mbilimbili zinacheza mechi 6 au 7. Kwa kawaida Ijumaa kuna mbili, Jumamosi tatu, Jumapili moja au mbili. Timu inayoshinda moja kwa moja inachukua kombe kwa mechi 3, yaani awamu 27. Timu inayopoteza mechi ya kwanza lazima ishinde nne mfululizo: mechi 5 jumla, awamu 45, na mbili kati ya hizo mechi mara nyingi zinaangukia Jumamosi ileile, moja asubuhi, nyingine jioni.

Awamu moja ya chuo inakula mirusho kama 16 ikienda vizuri. Mechi moja ni mirusho 144. Mechi tano ni 720. Mirusho 720 inatoka wapi?

Sheria ya NCAA haimwekei mrushaji kikomo. Tarehe 30 Mei 2009, katika mashindano ya kanda ya Divisheni ya Kwanza mjini Austin, Texas na Boston College walicheza awamu 25, na kijana mmoja, Austin Wood, akarusha awamu 13 peke yake, mirusho 169. Texas ilishinda 3 kwa 2. Watu bado wanaisifia mechi ile. Mimi naihesabu kama mfano wa kitu ambacho mzazi asikubali mwanawe afanyiwe, hata kama uwanja mzima umesimama unapiga makofi.

Kikomo kipo kwenye mwongozo uliotolewa na ligi kuu pamoja na shirikisho la besiboli la Marekani. Kwa vijana wa miaka 19 hadi 22 unasema hivi: ukirusha hadi 30, unaweza kurudi kesho. Kuanzia 31 hadi 45, pumzika siku moja. Kuanzia 46 hadi 60, siku mbili. Kuanzia 61 hadi 80, siku tatu. Kuanzia 81 hadi 105, siku nne. Na hata kama idadi ni ndogo, mtu asirushe siku tatu mfululizo.

Uwekeni mwongozo huo juu ya siku tatu za kanda mwone kinachotokea. Anayerusha zaidi ya 45 Ijumaa, mashindano yake yamekwisha, awe jembe asiwe jembe. Anayerusha 45 Ijumaa anarudi Jumapili. Anayerusha 30 anarudi Jumamosi. Kwa hiyo namba mbili ndizo zinazotawala kichwa cha kocha wikendi nzima, 30 na 45. Mkimwona anatoka kwenda kumtoa mrushaji anayefanya vizuri kabisa, mashabiki wakaanza kuzomea, angalieni ubao wa kuhesabia. Utakuta kijana yuko kwenye mrusho wa 28 au wa 44. Kocha hajachanganyikiwa. Anamnunua kwa ajili ya kesho.

Turudi kwenye 720. Mrushaji wa kwanza atoe 100, wa pili 90, wa tatu 80. Hiyo ni 270. Zimebaki 450, na kila mrushaji wa akiba anaweza kutoa 30 mara mbili, yaani 60. Gawanyeni: mnahitaji vijana 8 zaidi. Jumla 11. Vyuo vingi vidogo vina vijana 11 wanaoitwa warushaji kwenye orodha, lakini wanaoweza kupata auti mbele ya timu ya kanda ni watano au sita. Pengo hilo ndilo linalowarudisha nyumbani.

Kuna ubishi wa kila mwaka: jembe lianze Ijumaa, au liwekwe kwa mechi ya pili? Watu wanagombana hadi usiku wa manane. Tuupige hesabu. Chukua timu nne zinazolingana, kila mechi nusu kwa nusu. Ukishinda ya kwanza na ya pili, unahitaji ushindi mmoja katika nafasi mbili: asilimia 75. Ukishinda ya kwanza ukapoteza ya pili, lazima ushinde tatu mfululizo: asilimia 12.5. Ukipoteza ya kwanza, nne mfululizo: asilimia 6.25. Mnaona jinsi mechi ya pili ilivyo nzito kuliko wengi wanavyodhani.

Sasa tuseme jembe linaongeza nafasi ya kushinda kutoka 50 hadi 62 katika mechi linayoanza. Ukilianzisha Ijumaa, nafasi yako ya kombe inatoka asilimia 29.5. Ukilificha kwa mechi ya pili, vyovyote itakavyokuwa, ya washindi au ya waliopoteza, inatoka 29.5 vilevile. Sawasawa kabisa! Mkipenda rudieni nyumbani. Kulificha kunalipa tu pale ambapo mpinzani wa Ijumaa ni dhaifu kweli, na hata hapo faida yake ni pointi chache. Kwa hiyo ubishi huo una kelele kuliko uzito. Kinachopima kanda ni nani atakayerusha awamu ya sita ya Jumamosi jioni, wakati wale watatu wakubwa wameshatumika. Ndiyo maana nimeanza na mrushaji wa nne.

Huyu kijana anafelije? Mara chache anafeli kwa kupigwa. Anafeli kwa kutoa besi za bure (besi ni vile vituo ambavyo mkimbiaji huvipita hadi kurudi nyumbani na kupata pointi). Mirusho minne ikitoka nje ya eneo la straiki, yaani eneo halali mbele ya mpigaji, naye asiipige, anatembea hadi besi ya kwanza bila kutoa jasho. Mrushaji wa nne kwa kawaida hana kasi ya kutisha, anajua hana, kwa hiyo anajaribu kupaka rangi pembeni mwa eneo: nje kidogo, chini kidogo. Mwamuzi hampi. Mirusho mitatu ya kwanza, miwili nje. Sasa analazimika kurusha katikati, na mpigaji anajua. Dawa inaudhi kwa urahisi wake: mrusho wa kwanza wa kila mpigaji uwe straiki, hata katikati kabisa. Magongo ya vyuo tangu 2011 yametengenezwa kwa kiwango kinachopunguza nguvu ya mrudisho wa mpira, yanakaribia mti. Mpira unaopigwa vizuri mara nyingi unaishia kwenye glavu ya mlinzi. Kijana akiamini hilo, awamu yake inakula mirusho 12 badala ya 25. Asipoamini, amechoma posho ya siku mbili ndani ya robo saa.

Hebu tusogee karibu tuone tukio moja, kwa sababu vijana wako hapa na hili linafanyiwa mazoezi vibaya karibu kila mahali. Mpira umepigwa chini, upande wa kulia. Mlinzi wa besi ya kwanza ameacha besi yake akaufuata, ameudaka. Besi iko wazi, mkimbiaji anakuja. Nani anaifunika? Mrushaji. Na hapa ndipo unapoona nani amefundishwa.

Asiyefundishwa anakimbia moja kwa moja kuelekea besi. Njia yake na ya mkimbiaji zinakatana juu ya besi, na wakati huohuo anatafuta besi kwa jicho moja na mpira kwa jicho lingine. Matokeo yanakuwa mpira umedondoka, au vifundo vya miguu vimegongana, na mnapoteza auti pamoja na mrushaji.

Aliyefundishwa anaanza kukimbia mpira ukitoka tu kwenye gongo, bila kungoja aone nani ataudaka. Halengi besi. Analenga pale kwenye mstari, mita tatu au nne kabla ya besi. Akifika hapo anageuka, anakimbia sambamba na mstari, upande wa ndani. Mikono iko juu, kifuani. Anapokea mpira hatua mbili kabla ya besi, na akishaushika ndipo anatazama chini. Anagusa ukingo wa ndani wa besi kwa mguu wa kulia na kujisukuma kuelekea ndani ya uwanja, mbali na njia ya mkimbiaji, macho yakiwa tayari kwa yule aliye besi ya tatu. Mazoezi yake hayahitaji kifaa. Mara kumi kwa siku, wiki tatu kabla ya kanda, na mrushaji awe amechoka, kwa sababu Jumamosi jioni atakuwa amechoka.

Kosa lingine haliandikwi popote: kupasha moto bure. Mrushaji wa akiba anaambiwa aamke, anarusha mara 20 pembeni mwa uwanja, mwenzake anajitoa kwenye matatizo, anaambiwa akae. Awamu mbili baadaye anaamshwa tena. Halafu tena. Anaingia uwanjani karatasi ikionyesha sifuri, wakati bega limeshatoa mirusho 60. Kocha makini ana mtu mmoja kule pembeni mwenye kidaftari, anaandika na hiyo. Vijana, kama timu yako haina mtu huyo, andika wewe mwenyewe, useme. Kusema si woga.

Mdakaji, yule anayepokea mirusho nyuma ya mpigaji, naye msimsahau. Anachuchumaa mirusho 140 kwa mechi, kwenye joto la mwezi wa tano, akiwa amevaa kinga kifuani na miguuni. Timu inayotegemea mdakaji mmoja inaonekana Jumapili: mipira inayodunda mbele yake haizuii tena kwa kifua, anaifuata kwa glavu, inapita, mkimbiaji wa besi ya tatu anaingia nyumbani akitembea. Mdakaji wa pili apewe mechi moja kati ya mbili za Jumamosi. Hata kama gongo lake ni baridi.

Mvua nayo ina hesabu zake. Mechi ikisimama karibu saa nzima, mrushaji aliyekuwa anaendelea kwa kawaida hamrudishi mtu mwenye akili, maana bega limepoa. Umepoteza jembe kwa mirusho 40 tu. Ila mvua ikisukuma mashindano hadi Jumatatu au Jumanne, wale wa 46 hadi 60 wanafufuka. Kocha anayetazama utabiri wa hali ya hewa kuliko anavyotazama video za wapinzani si mvivu.

Kuhusu chakula kati ya mechi mbili za Jumamosi nitasema kidogo, kwa sababu wazazi wetu wana ukarimu. Msilete sufuria la pilau la nyama saa moja kabla ya mechi ya pili. Naheshimu pilau. Lileteni usiku. Kati ya mechi, wapeni ndizi, mkate, wali mweupe na kuku kidogo, maji na chumvi kidogo, tena mapema. Kijana aliyeshiba pilau hachuchumai.

Sasa mkifika uwanjani Ijumaa, na mwanenu hayumo, msimtafute kwenye ubao wa majina. Tazameni kule pembeni, nyuma ya uzio, walipo warushaji wa akiba. Mkimwona ametulia, koti limefunika mkono wake wa kurushia ingawa jua linawaka, na kocha wa warushaji amempita mara tatu bila kumwambia aamke, basi kila mrusho ambao hajarusha leo umewekwa benki. Kalaleni mapema. Mechi ya asubuhi ya Jumamosi inaweza kuanza saa nne, na huenda ikawa yake.